Kodi ya Serikali Unaponunua Nyumba kwa Sehemu Nchini Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kiswahili hutumia neno moja, kodi, kwa fedha inayokwenda serikalini na kwa fedha anayoipokea mwenye nyumba kila mwezi, na katika jambo hili fedha zote mbili zinakutana ndani ya hesabu moja. Ili msomaji asichanganyikiwe, neno kodi hapa chini ni la serikali peke yake. Fedha ya mwenye nyumba tumeiita pango. Viwango vyote ni vile vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025, na mahali panapohusika ni England.

## Misingi

1. Kununua nyumba kwa sehemu ni nini hasa?

Unanunua sehemu ya thamani ya nyumba kutoka kwa chama cha nyumba au halmashauri, kisha unalipa pango kwa sehemu iliyobaki mikononi mwao. Mikataba ya mtindo mpya inaruhusu kuanza na asilimia 10 hadi 75. Ile ya zamani ilianzia asilimia 25. Pango la mwaka wa kwanza halizidi asilimia 3 ya thamani ya sehemu usiyoinunua, na kiwango kinachokutwa mara nyingi ni asilimia 2.75. Mpango huu ni wa kaya ambayo kipato chake kwa mwaka hakizidi pauni 80,000, au pauni 90,000 kwa London.

Haimaanishi kwamba sebule ni yako na jiko ni la chama. Kisheria wewe ni mpangaji wa muda mrefu wa nyumba nzima, mara nyingi kwa mkataba wa miaka 99, 125 au, katika mtindo mpya, 990. Kodi inakuja kwa sababu umepewa mkataba huo.

2. Je, kodi hii ni ule ushuru wa stempu tuliouzoea nyumbani?

Ni ndugu yake, lakini haihesabiwi vivyo hivyo. Kenya, kwa mfano, hutoza asilimia 4 ya thamani ya mali ya mjini na asilimia 2 ya mali ya mashambani, kiwango kimoja kwa thamani yote. Kodi ya ardhi ya England, iliyochukua nafasi ya ushuru wa zamani wa stempu tarehe 1 Desemba 2003, huenda kwa madaraja, na kila daraja hutozwa kiwango chake. Ireland ya Kaskazini inatumia kodi hiyo hiyo. Scotland ilianzisha kodi yake mwaka 2015 na Wales mwaka 2018, kwa hiyo hesabu za ukurasa huu hazifai huko.

3. Viwango ni vipi?

Pauni 125,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kinachozidi hapo hadi pauni 250,000 kinatozwa asilimia 2, na kinachozidi hapo hadi pauni 925,000 kinatozwa asilimia 5. Juu yake kuna asilimia 10 hadi pauni milioni 1.5, kisha asilimia 12, ingawa wanunuzi wa sehemu hawafiki huko.

Anayenunua kwa mara ya kwanza maishani ana nafuu yake: pauni 300,000 za kwanza hazitozwi, na kati ya 300,000 na 500,000 anatozwa asilimia 5. Masharti ya nafuu hiyo yako kuanzia swali la 9.

4. Kodi inahesabiwa kwa kianzio nilichotoa mfukoni?

Hapana. Ukinunua sehemu ya pauni 160,000 kwa kianzio cha pauni 8,000 na mkopo wa benki kwa fedha iliyobaki, kodi inaangalia zile 160,000.

## Njia mbili za kulipa

5. Nimeambiwa nichague njia ya kulipa. Njia zenyewe ni zipi?

Ya kwanza ni kuchagua thamani kamili: siku ya kununua unahesabiwa kodi kana kwamba umenunua nyumba yote kwa bei ya soko, hata kama umechukua robo tu. Ukishalipa hivyo umemaliza. Utaongeza sehemu hadi asilimia 100 bila kudaiwa tena, na pango halitozwi kodi.

Ya pili ni kulipa kwa awamu: unatozwa kwa bei ya sehemu uliyonunua, na pengine kwa pango pia. Baada ya hapo hudaiwi hadi siku utakapovuka asilimia 80 ya umiliki.

6. Nionyesheni kwa tarakimu.

Tuchukue fleti yenye thamani ya soko ya pauni 400,000. Mnunuzi anachukua asilimia 40, yaani sehemu ya pauni 160,000. Pango la asilimia 2.75 kwa zile 240,000 zilizobaki ni pauni 6,600 kwa mwaka, sawa na 550 kwa mwezi. Tuseme aliwahi kumiliki nyumba, akaiuza, na sasa hana nyingine.

Kwa awamu, bei ya sehemu inazidi kiwango cha msamaha kwa pauni 35,000, na asilimia 2 yake ni pauni 700. Pango, kwa hesabu iliyoelezwa katika swali la 7, linaongeza takribani pauni 635 kwa mkataba wa miaka 990. Jumla ni 1,335. Akichagua thamani kamili, kodi ya 400,000 ni pauni 2,500 kwa daraja la pili na 7,500 kwa daraja la tatu, yaani 10,000.

Angekuwa mnunuzi wa mara ya kwanza, kwa awamu asingelipa chochote kwa bei ya sehemu, na kwa thamani kamili angelipa 5,000.

7. Iweje pango nalo litozwe kodi?

Sheria inalichukulia pango la miaka yote ya mkataba kuwa ni sehemu ya unachokilipia nyumba. Pango la kila mwaka linapunguzwa kwa asilimia 3.5 kwa mwaka, kwa kuwa pauni ya mwaka 2060 haina uzito wa pauni ya leo, kisha miaka yote inajumlishwa. Jumla hiyo ikizidi pauni 125,000, kinachozidi kinatozwa asilimia 1. Kwa mkataba mrefu sana kuna njia ya mkato: gawanya pango la mwaka kwa 0.035. Pauni 6,600 zinatoa takribani 188,571. Ukiondoa 125,000 zinabaki 63,571, na asilimia 1 yake ni zile 635.

Kiwango cha msamaha cha pango kinahesabiwa peke yake, mbali na kile cha bei ya sehemu, ndiyo maana mtu aliyenunua sehemu ndogo ya nyumba ya bei kubwa anaweza kudaiwa zaidi kwa pango kuliko kwa sehemu yenyewe. Mfano wake uko katika swali la 12.

8. Njia ipi ni bora, na je, ninaweza kubadili mawazo?

Iko hali moja ambayo jibu lake halina ubishi. Ikiwa ni mara yako ya kwanza kununua na thamani ya nyumba nzima haizidi pauni 300,000, chagua thamani kamili. Kodi yake ni sifuri leo, na unakuwa umejikinga na kodi ya siku utakayovuka asilimia 80, hata kama nyumba itakuwa imepanda bei maradufu. Kutochagua hapo ni kuacha kitu cha bure mezani, na inasikitisha kuona ni wangapi hawakuambiwa.

Nje ya hali hiyo, kwa maoni yetu awamu humfaa mtu wa kawaida. Wengi huuza na kuhama kabla ya kufika asilimia 80, na aliyelipa 10,000 mwanzoni kwa ajili ya safari ambayo hakuifika harudishiwi. Thamani kamili inafaa pale unapokuwa na hakika ya kununua nyumba yote katika muda mfupi na unatarajia bei kupanda.

Uchaguzi wa thamani kamili unafanywa ndani ya ritani ya kodi ya ununuzi wa kwanza, na ukishafanywa hauondolewi. Aliyeanza kwa awamu anaweza kuuingiza kwa kurekebisha ritani hiyo, lakini dirisha la marekebisho hufungwa miezi 12 baada ya siku ya mwisho ya kuiwasilisha.

## Nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza

9. Nani anahesabiwa kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza?

Ni mtu ambaye hajawahi kumiliki makazi popote duniani, na ambaye anakusudia kuishi katika nyumba anayoinunua. Maneno popote duniani ndiyo yanayowakwaza wasomaji wetu. Fleti uliyowahi kuwa nayo Kariakoo ukaiuza mwaka 2012 inakutoa kwenye nafuu, hata kama ilikuwa ya bei ndogo. Mkinunua wawili, wote wawili lazima wawe hawajawahi. Kiwanja kitupu kisicho na jengo si makazi. Ikiwa ujenzi umeanza au umekamilika, mweleze wakili kabla hajaijaza fomu.

10. Baba alituachia nyumba Tanga, sisi ndugu sita. Sijawahi kuishi humo wala kupata senti. Bado ninahesabiwa?

Ndiyo, ikiwa mirathi imeshafungwa na sehemu yako imekuwa mali yako. Kurithi ni kumiliki, na sheria haiulizi kama ulipata faida. Katika nafuu hii hakuna kiwango cha chini: moja ya sita ya nyumba ndogo inatosha kukuondolea jina la mnunuzi wa mara ya kwanza. Ikiwa mirathi haijagawanywa na nyumba bado iko chini ya msimamizi, hali ni tofauti, na wakili atahitaji kuona karatasi za mahakama badala ya simulizi.

Watu hujibu hapana kwenye fomu kwa sababu moyoni nyumba ile ni ya familia. Mamlaka ya mapato, HMRC, haina safu ya nyumba ya familia.

11. Nilimjengea mama nyumba kwa fedha nilizotuma kutoka huku. Ni yangu?

Linaangaliwa jina lililo kwenye hati na makubaliano yaliyokuwepo. Ikiwa hati ni ya mama na nyumba ulimpa iwe yake, ulimsaidia mzazi, hukununua makazi. Ikiwa jina la mama limewekwa kwa urahisi tu lakini nyinyi wawili mnajua nyumba ni yako, wewe ndiye mwenye mali, na jibu linarudi kwenye swali la 9.

12. Nanunua robo tu, pauni 130,000, lakini nyumba nzima ni 520,000. Ninapata nafuu?

Hupati. Kikomo cha pauni 500,000 kinapimwa kwa thamani ya nyumba nzima hata unapolipa kwa awamu. Utatozwa kwa viwango vya kawaida: pauni 100 kwa sehemu, kwa kuwa 130,000 inazidi 125,000 kwa 5,000 tu. Kisha pango: asilimia 2.75 ya 390,000 ni 10,725 kwa mwaka, ambayo kwa mkataba wa miaka 990 inatoa thamani ya takribani 306,429 na kodi ya 1,814. Pango linatozwa mara kumi na nane ya sehemu.

## Nyongeza mbili za kodi

13. Mume wangu ana nyumba Nairobi. Nanunua kwa jina langu peke yangu. Inanihusu?

Inakuhusu. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024, anayebaki na makazi mengine baada ya kununua hutozwa nyongeza ya asilimia 5 juu ya kila daraja, pamoja na zile pauni 125,000 za kwanza. Mke na mume wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja, na nyumba ya nje inaingia ikiwa sehemu inayomilikiwa ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi. Katika mfano wa swali la 6, bei ya sehemu pekee itadaiwa pauni 8,700 badala ya 700. Tena manunuzi yenye nyongeza hii hayapati nafuu ya mara ya kwanza, hata kama wewe binafsi hujawahi kumiliki kitu.

Urithi unatendewa kwa upole hapa kuliko katika swali la 10: sehemu ya urithi isiyozidi nusu ya nyumba haihesabiwi kwa miaka 3 tangu uipate. Anayebadilisha makazi yake makuu, akanunua kabla ya kuuza ya zamani, hulipa nyongeza kisha huidai akiuza ndani ya miaka 3.

Kabla ya kufika kwenye kodi, jua kwamba mpango wenyewe umewekwa kwa wasio na nyumba nyingine, na chama cha nyumba kitauliza kuhusu mali ya nje.

14. Nimefika juzi kwa kazi ya uuguzi. Kuna kodi ya mgeni?

Kuna nyongeza ya asilimia 2, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2021, kwa asiyekuwa mkazi. Kipimo chake hakitazami uraia wala viza. Kinahesabu siku 183 za kuwepo nchini katika miezi 12 iliyotangulia ununuzi, na siku inahesabika ukiwa nchini saa sita usiku. Kwa sehemu ya pauni 160,000 nyongeza ni 3,200.

Habari njema ni kwamba inarudishwa. Ukikamilisha siku 183 ndani ya mfululizo wowote wa siku 365, hata ikiwa nyingi zake ni baada ya kununua, unaweza kudai, mradi dai lifike kabla ya miaka 2 kupita tangu ununuzi. Tunza tiketi na mihuri ya pasipoti. Wanandoa wanaonunua pamoja wakiishi pamoja, mmoja akiwa mkazi, wote wawili wanahesabiwa wakazi.

## Kuongeza sehemu na kuuza

15. Kila nikiongeza sehemu ninalipa kodi?

Ukiwa ulichagua thamani kamili, hulipi kamwe. Ukiwa kwenye awamu, hulipi wala huwasilishi ritani mradi umiliki wako baada ya nyongeza hauzidi asilimia 80. Asilimia 80 kamili haijazidi 80. Hata zile hatua ndogo za asilimia 1 kwa mwaka zinazoruhusiwa katika mikataba mipya kwa miaka 15 ya kwanza hazikuletei HMRC mlangoni.

Hatua inayokuvusha 80 inatozwa, na kila hatua inayofuata. Sheria inazichukulia hatua hizo kuwa zimeunganika na ununuzi wa kwanza: inajumlishwa fedha yote uliyolipa tangu mwanzo, inatafutwa kodi ya jumla hiyo kwa viwango vya siku hiyo, kisha unadaiwa fungu la hatua ya sasa. Kodi ya ununuzi wa kwanza haifunguliwi upya, na nafuu ya mara ya kwanza haitumiki tena.

16. Nina asilimia 40 na nimepata fedha za kununua yote. Nikinunua kwa mkupuo au kwa hatua, kuna tofauti?

Ipo, na si ndogo. Tuseme thamani imebaki 400,000. Ukiruka kutoka 40 hadi 100 unalipa chama 240,000, na hatua yote hiyo imevuka 80. Kodi ya jumla ya 400,000 ni 10,000, na fungu lako ni asilimia 60 yake: pauni 6,000. Ukienda kwanza hadi 80, zile 160,000 hazitozwi. Baadaye unanunua 20 zilizobaki kwa 80,000, na fungu lake ni pauni 2,000.

Kila hatua ina gharama zake za mthamini na wakili, na bei inaweza kupanda katikati. Tena hatua ziwe za kweli, kila moja na wakati wake. Hati mbili zilizotiwa saini mchana mmoja ili kukwepa kodi zinaweza kupingwa.

17. Nauza nyumba yote siku ile ile ninayonunua sehemu iliyobaki. Nani anadaiwa?

Huu ni utaratibu wa kawaida: muuzaji ananunua sehemu ya chama kwa fedha ya mnunuzi wake na nyumba inatoka ikiwa kamili. Muuzaji amevuka asilimia 80, ingawa kwa dakika chache, na kwa kawaida anadaiwa kama ilivyo katika swali la 15. Mnunuzi wake analipa kodi yake mwenyewe kwa bei nzima. Weka fedha hiyo kwenye hesabu kabla ya kukubali bei.

Ukiuza sehemu yako tu, mnunuzi anatozwa kwa bei anayokulipa wewe. Atataka kujua ulichagua njia gani siku ya kwanza, kwa hiyo mpe wakili wake nakala ya ritani.

18. Nimeambiwa nyumba yangu haiwezi kuvuka 80. Ni kweli?

Katika baadhi ya maeneo ya vijijini mikataba huzuia mnunuzi asipite asilimia 80, ili nyumba zisihamie mikononi mwa watu wa nje. Katika mpango wa watu wa miaka 55 na zaidi kikomo ni 75, na ukifika hapo pango linakoma. Kwa nyumba za aina hizo, kulipia kinga ya baada ya 80 hakuna maana. Soma mkataba kwanza.

## Karatasi na hali za pekee

19. Ritani inawasilishwa lini, na kama sidaiwi kitu?

Ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi. Mkataba wa miaka 7 au zaidi uliolipiwa pauni 40,000 au zaidi unahitaji ritani hata kodi ikiwa sifuri, na nafuu pia inadaiwa humo humo. Kuchelewa kunaanza na faini ya pauni 100, na baada ya miezi 3 inakuwa 200. Wakili ndiye anayeijaza kwa kawaida, lakini anayewajibika ni wewe. Isome kabla hajaituma.

20. Benki isiyotoza riba inanunua nyumba pamoja nami. Je, ni jambo hili hili?

Si lile lile, ingawa neno sehemu linatokea kote. Katika musharaka inayopungua, mshirika wako ni benki, na unanunua sehemu yake kidogo kidogo. Kifungu cha 71A cha Sheria ya Fedha ya 2003 kinahakikisha kodi inalipwa mara moja pale nyumba inaponunuliwa, na uhamisho kati yako na benki hautozwi tena. Mpaka wa asilimia 80 hauhusiki huko.

21. Nilinunua zamani na sikumbuki nilichagua njia gani. Nitajuaje?

Tafuta nakala ya ritani kwa wakili aliyekamilisha ununuzi. Kampuni ikiwa imefungwa, uliza nani amerithi mafaili yake. Ukikosa, waandikie HMRC ukitaja namba ya ritani, yenye jumla ya herufi na tarakimu 11. Hati ya malipo nayo inaweza kukufichulia: kwa fleti ya swali la 6, aliyelipa 10,000 alichagua thamani kamili na aliyelipa 1,335 yuko kwenye awamu. Kwa aliyepata nafuu na nyumba yake haikuzidi 300,000 hati haisemi kitu, kwa kuwa njia zote mbili zinaweza kuonyesha sifuri, na hapo ni ritani yenyewe tu itakayotoa jibu.